Miti Chotara ya Miombo Tabora na Kibali cha Kuivuna

Katika misitu ya miombo inayouzunguka mji wa Tabora, mrina asali au mkata kuni aliyetoka Ipuli huweza kukuta mti ambao hata wenyeji hawaafikiani jina lake. Mmoja huuita mtundu, mwingine hukataa. Mara nyingine wote wana sababu, kwa kuwa mti huo ni chotara.

Mtundu (Brachystegia spiciformis) hutambulika kwa vijani vipana vichache, kwa kawaida jozi 3 hadi 5 katika kila jani, na jozi ya mwisho ndiyo kubwa zaidi. Muyombo (Brachystegia boehmii) una vijani vyembamba vilivyojipanga kama unyoya, zaidi ya jozi 12. Jina la kisayansi la muyombo linamkumbuka Richard Böhm, Mjerumani aliyeishi eneo la Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1880, enzi za misafara kutoka pwani.

Miti ya jamii ya Brachystegia humea pamoja, na aina kadhaa huchanua kwa wakati mmoja kabla ya mvua kukolea. Nyuki huhama kutoka ua hadi ua bila kujali aina, wakibeba chavua. Mbegu inayotokana na aina mbili huzaa mti wenye sifa za kati: vijani vingi kuliko vya mzazi mmoja, vichache kuliko vya mwenzake. Maganda yanapokauka hupasuka kwa nguvu na kurusha mbegu umbali mfupi tu, hivyo chotara huonekana karibu na wazazi wake. Si mti mgonjwa, wala hakuna aliyeupanda.

Kuutambua kwa jani moja ni kujidanganya, kwani hata mti mmoja huwa na majani yasiyolingana. Hutazamwa matawi kadhaa, gome na maganda.

Utata wa jina, hata hivyo, hauondoi wajibu wa kisheria. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali kwa anayevuna mti katika hifadhi ya msitu, uwe chotara au la. Jambo hili linawagusa zaidi wafugaji nyuki wanaotengeneza mizinga ya magome. Mti uliobanduliwa gome kuuzunguka shina hufa, na maua yake hupotea pamoja nao. Mizinga ya mbao hauhitaji kubandua mti uliosimama, na Chuo cha Ufugaji Nyuki kipo hapo hapo Tabora.