Matumaini ni Ujuzi Unaofundishika: Namna Fikra Zinavyomjenga Mwanamichezo

Septemba 15, 2025, jijini Tokyo, Japani, mwanariadha wa Tanzania, Alphonce Simbu, alitwaa medali ya dhahabu ya marathoni katika Mashindano ya Dunia ya Riadha kwa muda wa saa 2:09:48. Mpinzani wake, Mjerumani Amanal Petros, aliandikiwa muda huohuo; tofauti yao ilikuwa sekunde 0.03 tu. Hiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano hayo.

Ushindi huo ulitanguliwa na miaka minane ya kusubiri. Simbu alipata shaba jijini London mwaka 2017, lakini katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024 alishika nafasi ya 17. Mwanariadha mwingine angeweza kuyachukulia matokeo hayo kuwa ishara kwamba wakati wake umepita.

Kwa nini baadhi ya wanamichezo huvunjika moyo baada ya kushindwa, ilhali wengine hurejea wakiwa imara zaidi? Mwanasaikolojia wa Marekani, Martin Seligman, na wenzake walilichunguza swali hilo kwa waogeleaji wa chuo kikuu na kuchapisha matokeo mwaka 1990. Waogeleaji waliogelea kwa nguvu zao zote, kisha wakatajiwa muda mbaya kuliko ule walioupata. Baada ya mapumziko mafupi waliogelea tena. Wenye mtazamo wa kukata tamaa walishuka kiwango. Wenye matumaini hawakushuka.

Miongoni mwa waogeleaji waliopimwa alikuwa Matt Biondi. Katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, Biondi aliikosa dhahabu katika mashindano yake mawili ya kwanza, moja kwa sekunde 0.01 pekee. Hata hivyo, alishinda dhahabu katika matano yaliyofuata.

Kwa mujibu wa utafiti huo, jambo la msingi ni maelezo ambayo mtu hujipa baada ya kushindwa. Anayesema "mimi sina kipaji" hujifungia mlango, kwa kuwa amelifanya kosa la siku moja kuwa hali ya kudumu. Anayesema "nilianza kwa kasi kubwa mno, nikaishiwa nguvu" ameona jambo linaloweza kurekebishwa mazoezini.

Namna hiyo ya kufikiri hujengwa kwa mazoezi, kama yanavyojengwa mapafu na misuli. Stadi zinazotumika zaidi ni nne. Ya kwanza ni kuweka malengo yaliyo ndani ya uwezo wa mwanamichezo, kama vile kutunza kasi fulani kila kilomita, badala ya kuwaza medali peke yake. Ya pili ni kuliona shindano akilini kabla halijaanza, pamoja na vikwazo vyake. Ya tatu ni kujisemesha kwa maneno mafupi yanayorejesha umakini pindi uchovu unapozidi. Ya nne ni kupumua taratibu ili kutuliza hofu kabla ya kuanza.

Ikumbukwe kwamba matumaini si kupuuza ukweli. Mwanamichezo anayeendelea kukimbia juu ya jeraha kwa imani kwamba litapona lenyewe anahatarisha afya yake. Matumaini yenye manufaa hukiri kosa, hutafuta chanzo chake na kupanga hatua inayofuata. Aidha, hayawezi kuchukua nafasi ya mazoezi, lishe bora na mapumziko.

Kwa walimu na wazazi wanaowaandaa wanafunzi kwa mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA, somo ni jepesi kulitekeleza. Mtoto anaposhindwa, aulizwe: "Umejifunza nini, na kesho tufanye nini tofauti?" Anayeambiwa kuwa hafai huenda asirudi tena uwanjani. Anayeoneshwa kosa lake na njia ya kulirekebisha hupata sababu ya kurudi, na kipaji chake hakipotei kabla ya kukomaa.