Jinsi Vidio Inavyobanwa Ikaenea Katika Simu

Siku hizi hata huku Gare mtu anaweza kuangalia vidio ya kilimo akiwa shambani. Pengine umejiuliza: mbona bando la GB 1 linaisha upesi? Na mbona vidio nyingine zina ukungu? Majibu yote mawili yamo katika kazi moja, nayo ni kubana picha.

Picha ni nukta

Picha ya simu hujengwa kwa nukta ndogo ndogo za rangi. Picha safi ya vidio ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu. Zidisha: ni zaidi ya milioni 2. Na vidio si picha moja. Ni picha 25 hivi kila sekunde. Kama zingetumwa zote nzima, GB 1 ingekwisha kabla ya sekunde 7!

Kubana ni kuacha kurudia

Chukua vidio ya mama anayelima maharage mlimani. Mlima hausogei. Kinachosogea ni mama na jembe lake. Basi picha ya kwanza huandikwa nzima, na zinazofuata huandikwa mabadiliko tu. Ni kama katibu wa chama: orodha ya wanachama anaiandika mara moja, halafu kila mkutano anaandika waliokosa tu. Tena, huachwa yale ambayo jicho haliyaoni vizuri, kama tofauti ndogo sana za rangi.

Kwa njia hii masafa yaliyobeba stesheni moja ya televisheni hubeba kadhaa. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya zamani ya analojia huko Dar es Salaam tarehe 31 Desemba, 2012. Watu wakanunua ving'amuzi. Kazi ya king'amuzi ni kuzikunjua picha zilizobanwa.

Vidio ya macho mawili

Funga jicho moja, kisha jaribu kutunga uzi kwenye sindano. Utapata taabu. Kila jicho huona tofauti kidogo na mwenzake, na ubongo huunganisha ili kujua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Vidio ya kuonyesha umbali hufuata mfano huo: hupigwa picha mbili, moja kwa kila jicho.

Je, mzigo unakuwa mara mbili? Hapana, kwa sababu picha hizo karibu zinafanana. Ya jicho moja huandikwa nzima. Ya pili huandikwa tofauti zake tu. Utaratibu huo wa kimataifa ulipatikana mwaka 2009. Njia nyingine ni kupunguza upana wa kila picha uwe nusu, kisha kuziweka ubavu kwa ubavu. Hapo mzigo hauongezeki, ila kila jicho linapata nusu ya nukta.

Tuangalie hasara

Kilichoachwa hakirudi. Tuseme nyanya zako zina madoa, nawe unamtumia bwana shamba picha. Simu ikiibana mno, madoa madogo hupotea. Anaweza kukosea ugonjwa, nawe ukanunua dawa isiyofaa.

Kwa hiyo:
- Piga picha kwa karibu, mchana.
- Itume kama faili, isibanwe tena.
- Usiifute ile ya kwanza.
- Vidio ya kuangalia tu, chagua ubora wa 360 au 480. Bando litadumu.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini vidio ya mpira hula bando kuliko ya mtu aliyekaa akizungumza?
2. Ni picha zipi kijijini kwenu zisizofaa kubanwa sana?