Kutweka Tanga kwa Nguvu Kidogo

Asubuhi moja ya msimu wa kusi tulikuwa Feri, Dar es Salaam, tukiangalia mabaharia wa mashua moja wakitweka tanga. Watu watatu walivuta kamba, wa nne akawahimiza. Kapi lililo juu ya mlingoti lililia kama bawaba kavu ya mlango. Tanga likapanda nusu, likakwama. Wakataka kulishusha, nalo likakataa kushuka. Kijana mmoja akaning'inia kwenye kamba kwa uzito wake wote. Ikamponyoka ghafla na kumchubua viganja vyote viwili.

Wawili kati ya mabaharia hao walisoma katika darasa letu la jioni. Walituambia kwamba wamechanga fedha za kununua winchi ya mkono iliyotumika, waliyoiona kwa muuzaji mmoja huko Kariakoo. Nahodha akatuuliza, "Mwalimu, unaonaje? Maana fedha hii ni ya miezi mingi."

Tukamwomba kwanza alishushe kapi lake tulitazame.

Kapi ni kile kifaa cha mbao au chuma kinachopitisha kamba. Ndani yake kuna roda, yaani gurudumu dogo lenye mfereji. Roda huzunguka kwenye pini. Kapi la nahodha lilikuwa na roda ya chuma iliyoshikwa na kutu. Haikuzunguka hata kidogo. Kamba ilikuwa inajikwaruza juu yake tu, na chumvi na mchanga vilikuwa vimefanya kazi ya msasa.

Hapo hesabu inatusaidia. Tuseme foromali pamoja na tanga lililolowa vina uzito wa kilo 60. Roda moja juu ya mlingoti haipunguzi uzito huo. Inageuza tu njia ya kamba, ili wewe uvute chini na tanga lipande juu. Roda ikiwa safi na yenye mafuta, msuguano huongeza kama sehemu moja ya kumi. Basi unavuta kilo 66. Lakini msuguano ukiongeza nusu nzima, unavuta kilo 90 kwa tanga lile lile la kilo 60. Na roda iliyoganda kabisa inaweza kuzidi hapo. Watu watatu walikuwa wanashindana na kutu, siyo na tanga.

Ubaya mwingine ni mkubwa zaidi. Kamba isiyopanda vizuri haishuki vizuri pia. Dhoruba ikija ghafla, chombo kinaokolewa kwa kutua tanga upesi. Tanga likikwama juu, mashua inalala ubavu na kujaa maji. Kwa hiyo kapi si jambo la kusubiri mwakani.

Tulifuatana nao mpaka Mtaa wa Msimbazi, kwenye maduka ya kamba na vyuma, kisha Gerezani kwa mafundi. (Ukienda huko uliza bei maduka matatu kabla ya kutoa fedha. Mgeni hujulikana kwa uso wake.) Walinunua mafuta ya taa, grisi, pini mpya na kamba ya nailoni. Fundi akatengeneza bushi ya shaba ya kuvaa kwenye pini, maana shaba hailiwi na maji ya chumvi upesi kama chuma. Usipopata shaba, roda ya mti mgumu hufaa. Kipande cha mpingo kilichobaki kwa wachonga vinyago wa Mwenge kinaweza kuchongwa roda nzuri. Ipake shahamu au grisi. Angalia pia mfereji wake: kamba ikiwa nene kuliko mfereji hubanwa, na ikiwa nyembamba mno hupenya pembeni ikakwama kati ya roda na kapi.

Baada ya hapo tuliongeza kapi la pili. Hili ndilo jambo ambalo watu wengi hawalijui, ingawa mabaharia wa majahazi makubwa wamelitumia tangu zamani. Huko Sirakusa, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, inasimuliwa kwamba mtaalamu Archimedes alivuta merikebu peke yake kwa kapi za namna hii.

Kapi la pili linafungwa kwenye foromali, linapanda na kushuka pamoja nayo. Mwanzo wa kamba unafungwa juu ya mlingoti. Kamba inashuka, inapita kwenye kapi la foromali, inapanda tena hadi kapi la juu, ndipo inashuka mkononi mwako. Sasa kamba mbili zinabeba tanga. Kilo 60 zinagawanyika, kila kamba 30. Ukihesabu na msuguano wa roda mbili safi, unavuta karibu kilo 35.

Lakini baharini hakuna cha bure. Mlingoti ukiwa na urefu wa meta 8, zamani ulivuta meta 8 za kamba. Sasa utavuta meta 16. Kamba ya meta 16 haitoshi tena, unahitaji 24 na ziada ya kufungia.

Nahodha akauliza swali zuri: "Likipanda kwa wepesi, litashuka upesi?" Jibu ni kwamba linashuka, mradi roda zote zinazunguka na ile kamba ndefu imekunjwa vizuri sitahani. Kamba iliyotupwa ovyo hufanya fundo, na fundo halipiti kwenye kapi.

Na ile winchi? Tulikwenda kuiona. Ilikuwa imeganda. Winchi ni ndugu wa roda ya kisimani: pipa dogo la kuzungushia kamba, na mpini. Mpini wa sentimeta 25 kwenye pipa ambalo nusu ya upana wake ni sentimeta 4 huongeza nguvu zako mara 6 hivi. Mpini mrefu huongeza zaidi, lakini unaweza kuvunja meno ya ndani. Kama tayari unayo winchi, ifungue, ioshe kwa mafuta ya taa, paka grisi kwenye meno na pini. Vile vidole vidogo vinavyozuia pipa lisirudi nyuma usivipake grisi! Vinanata, vinashindwa kuruka, na mpini ukirudi kwa kasi unavunja mkono. Vitie mafuta mepesi tu, tone moja moja, na springi iliyolegea ibadilishwe. Tena winchi isipigiliwe misumari. Ifungwe kwa bolti zinazopenya ubao, na bamba chini yake.

Mabaharia wale hawakuinunua. Siku ya tatu watu wawili walitweka tanga mbele yetu, mmoja wao akiwa yule kijana, viganja vimefungwa kitambaa. Kisha nahodha akaamuru litue, likafika chini kabla hatujahesabu kumi. Tulipoondoka walikuwa wanabishana juu ya fedha iliyobaki: nahodha anataka maboya ya kujiokolea, vijana wanataka tanga jipya.