Mbwa Mlemavu Anapookotwa: Wajibu wa Mlezi wa Muda na Njia ya Kumpatia Makao

Asubuhi moja ya masika, kijana wa shule aliingia katika mojawapo ya vituo vyetu kando ya barabara kuu itokayo Kampala kwenda Jinja, akiwa amemkumbatia mbwa aliyegongwa na gari. Sare yake ilikuwa imelowa damu. "Afande," alisema, "bado anapumua." Nyuma yake walifuata watu wazima kadhaa waliotaka mbwa huyo apigwe mawe barabarani ili shauri liishe.

Kijana yule alikuwa ametenda mambo mawili kwa wakati mmoja: moja la utu na moja la hatari. Alimwokoa kiumbe aliyeachwa afe, lakini alimbeba kwa mikono mitupu, na viganja vyake vilikuwa na mikwaruzo ya meno. Kwa hiyo askari wa zamu walianza na mtoto, kisha wakamgeukia mbwa. Utaratibu huo ndio tunaopenda kuueleza katika makala hii, kwa kuwa wananchi wengi hutuuliza: mtu afanye nini akimkuta mbwa aliyejeruhiwa, nani amlee, na ni nani atakayemtaka mbwa asiye na mguu?

Kwanza, uhai wa binadamu

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa ambao, dalili zake zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mara huishia kwenye kifo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mbwa ndio wanaowaambukiza binadamu katika hadi asilimia 99 ya visa, na kwamba watu 4 kati ya kila 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15. Hata hivyo, ni ugonjwa unaozuilika kabisa iwapo hatua zitachukuliwa mapema.

Mtu aliyeumwa, aliyekwaruzwa, au ambaye kidonda chake kimeguswa na mate ya mbwa, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji mengi kwa muda usiopungua dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo ili apewe chanjo. Asipake majani, mafuta wala majivu. Kama mbwa yupo, afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10. Lakini majeruhi asisubiri siku hizo ziishe ndipo aanze matibabu.

Tunasisitiza jambo ambalo wengi hawalijui. Kichaa cha mbwa huja kwa sura mbili. Ipo ya ukali, ambayo kila mtu huitambua. Na ipo ya upole, ambapo mbwa huonekana mnyonge, taya lake hulegea, mate humtiririka na miguu ya nyuma hupooza. Mpita njia anaweza kudhani kwamba huyo ni mlemavu wa kuhurumiwa. Basi, ukimkuta mbwa anayeburuta miguu na hukuona ajali wala hujui habari zake, usimguse. Wazuie watoto, kaa mbali, uwaite afisa mifugo na Polisi. Hata mbwa ambaye ajali yake umeiona, mfunike kwa blanketi au gunia zito kabla ya kumwinua, kwa maana mwenye maumivu huuma hata mkono unaomsaidia.

Sheria inasemaje

Nchini Uganda, Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama humhesabu kuwa mkosaji mtu anayempiga mnyama kikatili au kumsababishia mateso yasiyo ya lazima. Wale waliotaka kurusha mawe hawakuwa na mamlaka hayo. Vivyo hivyo, kutega sumu mitaani ili kuwamaliza mbwa wazururao ni hatari kwa mifugo ya majirani na kwa watoto wadogo wanaookota chochote.

Jambo la pili ni umiliki. Mbwa ni mali ya mtu, hata akiwa kilema. Anayemwokota atoe taarifa kituoni na kwa mwenyekiti wa LC1, ili tangazo litolewe na mwenyewe apate nafasi ya kujitokeza. Tumewahi kusuluhisha magomvi makali kati ya majirani, mmoja akimwita mwenzake mwizi, mwingine akidai arudishiwe gharama za dawa. Karatasi moja iliyoandikwa mapema, yenye tarehe na shahidi, ingaliyazuia yote hayo.

Mlezi wa muda ni nani

Katika kisa chetu, daktari wa mifugo alibaini kwamba mguu wa nyuma umesagika na hauwezi kuokolewa. Ukakatwa. Mwenye mbwa hakupatikana. Mama mmoja mjane, anayeuza mboga jirani na kituo, alijitolea kumweka mbwa huyo nyumbani kwake hadi apone. Hakuahidi kumfuga daima, naye alitueleza hivyo waziwazi. Huo ndio ulezi wa muda: mtu humpokea mnyama, humtunza apone na kuzoea watu, huku akishirikiana na wengine kumtafutia makao ya kudumu.

Mlezi wa namna hii anahitaji mahali pakavu palipozungushiwa uzio, maji safi, chakula cha kila siku, na subira. Kwa wiki za kwanza mbwa mgeni atengwe na mbwa wengine na watoto wadogo. Apewe dawa ya minyoo, achanjwe dhidi ya kichaa, na ahasiwe daktari akiridhika na afya yake. Ikumbukwe kwamba ugonjwa huu huweza kujificha mwilini kwa miezi. Kwa hiyo mlezi aendelee kuangalia tabia ya mbwa ambaye historia yake haijulikani, hata baada ya chanjo. Mlezi azingatie pia hisia za majirani, wakiwemo wale ambao dini yao huwataka wajiepushe na mate ya mbwa. Uzio mzuri na salamu njema huondoa malalamiko mengi kabla hayajafika kwetu.

Matunzo kwa kadiri ya ulemavu

Wahenga walisema: hujafa hujaumbika. Msemo huo humhusu binadamu, lakini unatufaa hapa pia, kwa sababu mbwa aliyepoteza kiungo hujifunza upya namna ya kuishi, na mara nyingi hujifunza upesi kuliko tunavyotarajia.

Aliyekatwa mguu wa nyuma huzoea kwa urahisi zaidi kuliko aliyekatwa wa mbele, maana miguu ya mbele hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wa mwili. Wote wawili wasiachwe wanenepe, kwa kuwa viungo vilivyobaki vitaelemewa. Sakafu ya saruji laini huwatelezesha. Mkeka au gunia lililotandikwa huwasaidia.

Aliyepooza sehemu ya nyuma anahitaji kazi kubwa zaidi. Wengi hawawezi kutoa mkojo wenyewe, na mlezi lazima afundishwe na daktari namna ya kukiminya kibofu kwa upole, mara kadhaa kila siku. Ngozi inayoburutwa hutoka vidonda. Ikaguliwe asubuhi na jioni. Kigari cha magurudumu mawili kinaweza kutengenezwa na fundi wa mtaani, ila vipimo vyake viidhinishwe na daktari.

Kipofu huishi vyema pale vyombo visipohamishwa ovyo. Asemeshwe kabla ya kuguswa. Kiziwi afundishwe kwa ishara za mkono, asishtuliwe usingizini, na asiachwe barabarani bila kamba, kwa sababu hasikii honi ya bodaboda.

Tuseme pia neno zito. Wako wanyama ambao maumivu yao hayana tiba. Uamuzi wa kuwapumzisha bila mateso ni wa daktari wa mifugo, na hautokani na uchovu wa mlezi wala kelele za mtaa. Kuukubali uamuzi huo si usaliti.

Kumpatia makao ya kudumu

Hapa ndipo tulipojifunza kwa gharama. Mtu wa kwanza aliyemchukua mbwa yule alitaka mlinzi wa ghala. Hatukumuuliza maswali ya kutosha, wala hatukwenda kwake. Alimfunga kwa mnyororo mfupi kwenye sakafu ya zege, na baada ya majuma matatu kovu lilichubuka na kutunga usaha. Mama yule mjane alipopata habari alimfuata mbwa na kumrudisha, akatuambia bila kupaza sauti: "Wanangu, mlitaka kuondokewa na mzigo. Hamkumtafutia nyumba." Hatukuwa na jibu.

Tangu siku hiyo tunashauri hatua nne. Ya kwanza ni kusema kweli yote: kasoro ya mbwa, gharama zake, tabia zake, na kile asichoweza. Huruma ya siku moja hailishi mbwa kwa miaka 10. Ya pili ni kumtembelea mpokeaji nyumbani kwake na kuzungumza na jamaa wote, maana asiyekubali mmoja aweza kuharibu kwa wote. Ya tatu ni kukubaliana juu ya muda wa majaribio, kisha kuandikiana mbele ya mwenyekiti wa LC1, na kukabidhi kadi ya chanjo. Ya nne ni kumwachia mpokeaji mlango wazi: akishindwa, amrudishe mbwa kwa mlezi, asimtupe.

Tunatahadharisha pia juu ya michango. Wapo wanaosambaza picha ya mbwa majeruhi na kukusanya fedha kwa simu, ilhali mbwa huyo hayupo mikononi mwao. Anayetaka kusaidia alipe moja kwa moja kwa daktari na kudai stakabadhi.

Si lazima mtu apambane peke yake. Chama cha kulinda na kutunza wanyama nchini, kinachojulikana kwa kifupi USPCA, huwapokea na kuwatafutia makao mbwa na paka. Huko Gulu, Comfort Dog Project huwaunganisha mbwa waliookolewa na watu wenye majeraha ya nafsi yaliyotokana na vita vya kaskazini. Anayeuongoza, Francis Okello Oloya, alipofuka akiwa mtoto kutokana na mlipuko wa bomu. Kazi yake inatukumbusha kwamba anayehitaji msaada na anayetoa msaada wanaweza kuwa yule yule.

Hatimaye mbwa wetu alipata makao kwa mwalimu mstaafu mwenye ua wa udongo usio na ngazi. Mwalimu huyo alikwenda kwa mama mjane mara tatu kabla ya kumchukua, na ndiye aliyetuomba tuandikiane. Kijana aliyemwokoa alikamilisha chanjo zake zote na yu mzima. Hupita kwa mwalimu akitoka shuleni.

Tunawaomba wananchi wote wawachanje mbwa wao kila mwaka, wasingoje tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ndipo wakumbuke. Na anayemkuta mbwa aliyeumia njiani, ajilinde kwanza, kisha aje kituoni. Tutamsikiliza.