Vifaa vya kurekebisha nyumba ninavyovipenda, na jinsi ya kuvilipia bila kujuta

Wacha nianze na aibu yangu. Nyumba ya kwanza niliyopanga baada ya chuo ilikuwa bedsita ya ghorofa ya pili. Siku ya kuhamia nilikuwa na nyundo ya kuazima na mfuko wa misumari ya simenti, basi. Nilitundika pazia, kioo na rafu ya vitabu, vyote kwa misumari, na kila msumari uliondoka na kipande chake cha plasta. Nilipohama miaka miwili baadaye, mwenye nyumba alizunguka chumba na kalamu mkononi akihesabu mashimo, kisha akakata shilingi 4,500 kwenye dipoziti yangu ya 9,000. Sikuwa na la kusema. Mashimo yalikuwa yangu.

Hapa kwa kawaida tunaongea mambo ya PIN, Till na ada za kutuma. Leo nataka tuongee kuhusu drili na spana, halafu turudi kwenye simu, kwa sababu kati ya ukuta wako na duka la hadwea kuna mahali pengi pa kupoteza pesa. Najua, nimepoteza.

Kwa nini msumari ulinishinda

Nyumba nyingi za kupanga mjini zimejengwa kwa mawe au bloku, zikapigwa plasta nyembamba ya simenti na mchanga, kisha rangi. Ukigonga msumari pale, hauondoi kitu chochote ukutani, unasukuma tu. Plasta haina pa kwenda, kwa hivyo inapasuka. Hata usipoona ufa, msumari wako mara nyingi umeshikwa na ile plasta peke yake. Weka vitabu kumi juu ya rafu, usubiri.

Drili inafanya kinyume. Inatoa vumbi na kuacha shimo la kipimo unachokijua. Unaingiza plagi ndogo ya plastiki, halafu skrubu inapozama ndani yake, plagi inatanuka na kubana shimo kutoka pande zote. Shimo likiwa limefika kwenye jiwe, ni jiwe linalobeba uzito. Kwa rafu ya kawaida mimi hutumia biti ya milimita 6 na plagi ya milimita 6. Watu huchukua plagi yoyote iliyo karibu na kaunta, kisha wanalaumu ukuta. Vipimo lazima vifanane.

Biti nazo hazilingani. Ya ukuta ina kichwa kilichopanuka kidogo, na pale kwenye ncha kuna kipande cha chuma kigumu sana kilichochomelewa. Ya mbao ina kijincha katikati cha kuishikilia isiteleze. Ya chuma imechongwa kama mshale butu, na ukiipeleka kwenye jiwe utaiharibu kwa shimo moja. Drili yenyewe huwa na kitufe chenye picha ya nyundo: kiwashe kwa ukuta wa mawe, kizime kwa mbao na kwa vigae. Kwenye vigae bandika kwanza tepu ya karatasi ili biti isiteleze, anza polepole, na usiwashe ile nyundo mpaka umevuka kigae. Bibi mmoja jirani yangu alipasua kigae cha bafu kwa haraka ya sekunde mbili, na vigae vya rangi ile havipatikani tena dukani.

Jambo moja ambalo si la mzaha: waya. Nyaya za stima ukutani mara nyingi hupanda au kushuka wima kutoka kwenye soketi na swichi, na zingine hukimbia kwa ulalo kati yao. Usitoboe juu, chini wala kando ya swichi kwa mstari ulionyooka. Ukuta wa bafu au jikoni una mabomba pia. Ukiwa na shaka, sogeza rafu yako. Nusu mita haitaharibu sura ya chumba.

Drili gani sasa

Kama unafanyia kazi nyumbani na soketi iko karibu, nunua ya waya. Haina betri ya kufa, inatoboa jiwe vizuri zaidi kwa bei ileile, na itakaa miaka. Yangu ilinigharimu shilingi 3,900 na bado inafanya kazi.

Ya betri ni tamu kubeba, lakini soma maandishi kwa jicho la mtu aliyeibiwa. Betri ya drili hutengenezwa kwa seli ndogo zilizounganishwa kwa mstari. Kila seli ni volti 3.6 kwa kawaida, na inafika karibu volti 4 ikiwa imejaa kabisa. Seli tano zinakupa 18, au 20 ukipima zikiwa zimejaa. Kwa hivyo drili iliyoandikwa 18V na nyingine iliyoandikwa 20V Max zinaweza kuwa na betri sawa kabisa, na hakuna sababu ya kuongeza pesa kwa sababu ya hiyo mbili. Sasa ukiona kidrili chepesi kimebandikwa 48VF au 88VF, na betri yake inatosha kwenye kiganja, jiulize hizo seli zote zimekaa wapi. Namba kwenye stika ni za kuuza. Muulize mwenye duka betri ina seli ngapi na kama betri ya ziada inapatikana kivyake. Akikosa jibu la swali la pili, hiyo drili itakufa siku betri itakapokufa.

Vile vidogo ambavyo hutumika zaidi

Drili inapata sifa, lakini kitu ninachoshika kila wiki ni tepu ya kupimia ya mita 5, ikifuatwa na pimamaji. Kabla ya kununua pimamaji nilikuwa natumia macho, na macho hudanganywa na dari isiyonyooka. Ile ya sentimita 60 inatosha. Kuijaribu dukani ni rahisi: iweke juu ya kaunta, angalia povu limekaa wapi, kisha igeuze, upande wa kulia uende kushoto. Povu likikaa pale pale, pimamaji ni nzima. Likihama, rudisha.

Testa ya stima, ile bisibisi yenye kitaa ndani, huuzwa kwa bei ya chapati chache, na ndiyo maana watu huiamini kupita kiasi. Taa ikiwaka, kuna stima. Isipowaka, haimaanishi hakuna. Huenda testa yenyewe imeharibika. Ijaribu kwanza kwenye soketi unayojua ina stima. Na kazi yangu ya stima inaishia kuzima swichi kubwa na kubadilisha balbu. Soketi iliyoungua, shawa ya moto inayokupiga shoti, waya mpya: hizo ni za fundi mwenye leseni ya EPRA, na si vibaya kumwomba akuonyeshe hiyo leseni.

Halafu kuna spana ile ya kufungua na kubana kwa kuzungusha kigurudumu, inayoshika nati ya ukubwa wowote. Mafundi wana jina lao la spana hii ambalo mhariri wangu amekataa nilichapishe hapa. Ukiwa nayo, pamoja na washa za mpira na ile tepu nyeupe ya mabomba, mifereji mingi inayodondoka utaimaliza mwenyewe. Funga maji kwanza (mimi nilisahau mara moja, tuiache hapo). Fungua kichwa cha mfereji, toa washa iliyolika, weka mpya. Tepu nyeupe zungushia kwenye meno ya bomba kwa upande ule ule nati inavyofungwa, mara nne au tano, ili isijikunje wakati unakaza. Washa nilinunua kwa shilingi 20. Mfereji ulikuwa umedondoka miezi mitatu, na bili ya maji nililipa mimi.

Msasa, skrepa na kopo dogo la fila ni vya siku ya kuhama. Jaza shimo, acha likauke, piga msasa, gusa na rangi. Ningekuwa navyo wakati ule, zile 4,500 ningekuwa nazo.

Sasa tuje kwenye simu

Drili yangu ya 3,900 ilikuwa ya pili. Ya kwanza sikuwahi kuiona. Niliipata kwenye ukurasa wa mtandaoni wenye picha safi, bei 2,800, "delivery ni bure leo tu". Muuzaji akanipa nambari ya simu ya kibinafsi nitume pesa. Jina lililotokea kwenye skrini kabla sijaweka PIN halikufanana na jina la duka hata kwa herufi moja. Nililiona. Nikajiambia labda ni la mkewe. Nikaweka PIN. Jioni simu yake ilikuwa imezimwa, na ukurasa ulikuwa umeniblok.

Ndiyo, wakati huo nilikuwa tayari nafanya kazi katika kampuni ya malipo ya simu. Ndiyo maana nilinyamaza siku tatu kabla ya kuripoti, kwa aibu. Siku tatu ni nyingi mno. Pesa zilizotumwa zinaweza kuzuiliwa zikiwa bado ziko kwenye akaunti ya mpokeaji. Akishazitoa kwa wakala, kinachobaki ni kesi ya polisi. Kwa hivyo ukigundua umekosea nambari au umetapeliwa, tujulishe dakika hiyo hiyo, kabla hujamwambia hata rafiki yako. Hakuna mtu huku atakayekucheka. Na hatutakuuliza PIN. Anayeuliza PIN si sisi.

Tangu hapo, jina kwenye skrini nalisoma kama mkataba. Dukani nalipa kwa Till au Paybill, na jina lisipofanana na la duka, nauliza kwa sauti kabla ya kulipa. Mara nyingi kuna maelezo mazuri, biashara nyingi zimesajiliwa kwa jina la mmiliki, lakini acha akueleze yeye mkiwa mnatazamana. Till si cheti cha uaminifu. Inachokupa ni biashara iliyosajiliwa, unayoweza kuirudia.

Kitu kingine ambacho watu hukosea, na hata mimi nilikosea: ule ujumbe wa malipo unasema umemlipa nani, kiasi gani, saa ngapi. Hausemi umenunua nini. Drili ikiungua wiki ya pili, ujumbe hautaonyesha kama ulinunua drili au magunia ya simenti. Omba risiti iliyoandikwa modeli na nambari ya kifaa, ipige picha hapo kaunta, na uitunze pamoja na nambari ya muamala. Waranti inadaiwa kwa risiti.

Kwa vitu vya stima kama ekstensheni na soketi, tafuta alama ya ubora ya KEBS. Chini yake kuna nambari ya kibali. Tuma SM# ikifuatwa na nambari hiyo kwa 20023, kisha ulinganishe jibu na unachoshika mkononi. Fanya hivyo kabla ya kulipa. Mwenye duka akikasirika kwa sababu unatuma SMS, hilo nalo ni jibu.

Ukiamua kazi ni ya fundi, tenganisha pesa za vifaa na pesa za kazi. Fundi akiwa dukani, mwambie akusomee Till, na wewe ulipe hadwea moja kwa moja ukiwa kazini kwako. Fundi mwaminifu hupenda mpango huu, kwa sababu hakuna siku utamshuku kuhusu bei ya rangi. Pesa za kazi mlipe kwa awamu mliyokubaliana, na ya mwisho itumwe baada ya wewe kuona kazi kwa macho. Picha ya WhatsApp haionyeshi mfereji unaodondoka.

Kuhusu kukopa kwa simu ili kununua drili: fikiria ni dakika ngapi utaitumia kwa mwaka. Mimi nilihesabu, haikufika saa moja. Kwa hivyo nilipohamia hapa ninapoishi, tulikaa wapangaji watano tukachanga shilingi 800 kila mmoja, tukapata drili, seti ya biti na chenji kidogo ya plagi. Mmoja wetu alikusanya, akatuma taarifa ya malipo kwenye grupu siku hiyo hiyo pamoja na picha ya risiti, na hakuna aliyeuliza swali. Sheria ni mbili tu: ukivunja biti unanunua nyingine, na drili hailali nje ya ploti.

Wiki hii iko ghorofa ya tatu kwa Mama Brayo, anatundika televisheni. Amesema atanirudishia Jumamosi. Nina bawaba ya kabati la jikoni iliyolegea inaningoja.