Mjumbe Hauawi, Lakini Ataulizwa

Wazee wetu wamesema kwamba mjumbe hauawi. Sisi wa Mwanga yatupasa kulielewa neno hili, kwani mji wetu wa Kigoma una ofisi za ubalozi mdogo za Burundi na Kongo, na ziwa halina ukuta. Mwaka 2015 amani ilipoharibika Burundi, maelfu walikimbilia Kagunga, na meli ya Liemba ikawaleta Kigoma. Basi kazi ya mabalozi yazigusa nyumba zetu.

Uislamu ulimlinda mjumbe karne nyingi kabla ya Mkataba wa Vienna wa 1961. Wajumbe wa Musailima, aliyejidai utume, walikiri mbele ya Bwana Mtume (S.A.W.) kuwa wamfuata mwongo yule, wala hawakuguswa, kwa kuwa ni wajumbe. Na Abu Rafii, alipotumwa na Makureshi, alitaka kusilimu abaki Madina. Mtume akamwamuru arudi kwanza kwa waliomtuma, kisha aje akipenda. Naye akarudi, akaja, akasilimu. Hata jambo la kheri kama hilo halikufanywa sababu ya kuvunja ahadi.

Lakini aliyelindwa naye hudaiwa. Kwanza ni ahadi, ambayo Sura Al-Israa, aya 34, yatujulisha kuwa itaulizwa. Kinga ya balozi si kibali cha magendo. Pili ni upole: Musa na Harun waliamrishwa waseme na Firauni kwa maneno laini. Tatu ni kujihadhari na zawadi. Mkusanyaji mmoja wa zaka alipotenga alichozawadiwa, Mtume aliuliza kama angekipata lau angalikaa nyumbani kwa wazazi wake. Mwaka 1840 Ahmad bin Naaman, mjumbe wa Seyyid Said wa Unguja, alifika New York kwa merikebu Sultana, akiwa na farasi na lulu za kumtunza Rais Van Buren. Rais hakuzifanya zake. Sheria ya nchi yake ilizitia katika mali ya Serikali. Haki ni haki, hata ikionekana kwa wengine.

Enyi wazazi, balozi mwaminifu huanza kwa mtoto anayetumwa dukani akarudisha chenji timamu na salamu bila ya kuongeza neno. Nanyi vijana mnaovuka kwenda Bujumbura au Kalemie kwa biashara, jueni kuwa dini yenu na mji wenu vyapimwa kwa vitendo vyenu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kutimiza amana. Amin.