Michezo ya wenye ulemavu: tuache kusema "masikini", tuulize "ni ngapi kwa ngapi?"

Siku moja unapita karibu na kiwanja, unakuta vijana wamekaa chini, fileti imefungwa chini sana, mupira unaenda unarudi. Utasema nini? Wengi kwetu wanasema: "Masikini, Mungu awasaidie," kisha wanaendelea na safari. Wengine wanatoa makuta. Wachache sana njo wanasimama na kuuliza: ni ngapi kwa ngapi?

Tofauti kati ya hao watu ni kubwa. Yule wa kwanza ameona ugonjwa. Yule wa mwisho ameona mechi. Na ili uone mechi, lazima kwanza ujue kanuni zake.

Tuanze na voleboli ya kukaa. Mchezo huu ulianzia Uholanzi katika miaka ya 1950. Kila timu inaweka watu 6 kiwanjani, sawa na voleboli tunayoijua. Lakini kiwanja ni kidogo: mita 10 kwa 6, pahali pa mita 18 kwa 9. Fileti ya wanaume iko kwa mita 1.15, ya wanawake mita 1.05. Kanuni kubwa ni hii: wakati unapiga mupira, matako lazima yaguse chini. Ukijiinua, ni kosa.

Sasa fikiri kidogo. Muchezaji anasogea kwa nguvu ya mikono, na mikono ile ile njo inapaswa kupiga mupira. Kiwanja ni kifupi, kwa hiyo mupira unafika mbio sana. Tena, hapa inaruhusiwa kuzuia serve ya adui palepale kwenye fileti, jambo ambalo voleboli ya kusimama inakataza. Kama bado unafikiri ni mchezo wa kuhurumia, kaa chini na wenzako ujaribu dakika tano tu. Mabega yatakujibu.

Kuna pia futboli ya waliokatwa mguu. Timu ni watu 7. Wachezaji wa ndani wanakimbia na magongo, ama bekiye vile tunasema, bila mguu wa bandia. Golikipa yeye ana miguu miwili lakini amekosa mkono mumoja, na haruhusiwi kutoka katika eneo lake. Ukigusa mupira na gongo kwa kusudi, inahesabiwa sawa na kushika kwa mkono. Hakuna ofsaidi.

Je, wazo la michezo hii lilitoka wapi? Lilitoka hospitalini, nyuma ya vita. Zamani, askari aliyevunjika uti wa mgongo alikuwa anaachwa kitandani, na wengi walikufa haraka kwa vidonda vya kulala na maambukizi ya figo. Daktari Ludwig Guttmann, katika hospitali ya Stoke Mandeville huko Uingereza, alikataa hali hiyo. Aliingiza michezo ndani ya matunzo. Tarehe 29 Julai 1948, siku Olimpiki ya London ilifunguliwa, wagonjwa wake 16 walishindana kulenga shabaha kwa upinde. Mbegu ile ikazaa Paralimpiki, iliyofanyika mara ya kwanza mjini Roma mwaka 1960. Nchi yetu ya Kongo iliingia mara ya kwanza London, mwaka 2012.

Mwaka ule ule, timu ya wanaume ya Rwanda ilicheza voleboli ya kukaa kule London. Ndani yake walikuwemo Dominique Bizimana na Jean Rukondo. Wote wawili walipoteza mguu vitani, lakini walikuwa askari wa pande mbili zilizopigana. Tunajua siasa kati ya majirani ni jambo linalouma mu muji huu. Lakini funzo lenyewe halina mpaka: watu waliokuwa maadui walijikuta wanahitaji pasi ya mwenzao ili wapate pointi. Katika jimbo kama zetu, pahali vita imeacha watu wengi bila mguu ao mkono, funzo hilo si la kudharau.

Faida ingine iko nyumbani. Bado kuna familia zinaficha mtoto mwenye ulemavu wakati wageni wanafika. Si kila mara ni roho mbaya, mara mingi ni haya na woga. Mtoto yule akiona mkubwa mwenye hali kama yake anashangiliwa na watu, anajua kwamba naye ana pahali pake. Na muzazi pia anajifunza.

Tusisahau kwamba wenye ulemavu walishaonyesha nguvu zao kitambo. Hapa Goma, nani hajaona wafanyabiashara wakivuka Petite Barrière na trisikile zilizojaa mizigo? Mikono inayosukuma ule mzigo inaweza pia kusukuma kiti cha basketi.

Sheria iko. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda na kuendeleza haki za mtu anayeishi na ulemavu katika Kongo. Lakini sheria haichoti ngazi kwenye mlango wa kiwanja. Hiyo ni kazi yetu. Mkuu wa shule anaweza kumuingiza mwanafunzi huyo katika saa ya michezo pahali pa kumuachia kulinda mifuko ya wenzake. Kanisa na msikiti wanaweza kutoa uwanja. Timu ya mtaa inaweza kukaa chini na kucheza pamoja nao, sababu fileti ya chini na kamba ya kuchora kiwanja havigharimu sana.

Na wewe, siku utapita tena pale, simama. Wakikosea, sema wamekosea. Wakipata pointi, piga makofi kwa sababu ya ile pointi.